Kwa Nini Ukulele Yetu ni Laki na Themanini

Haipiti wiki bila mtu kututumia picha WhatsApp. Ni picha ya ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, ya buluu au ya waridi kutoka kwenye duka la mtandaoni, shilingi 45,000, na chini yake swali: "Mbona nyie 180,000?" Juzi dada mmoja hakuuliza. Aliandika kwenye ukurasa wetu, watu wote wakasoma, kwamba amepigwa: kanunua kwetu ukulele ya bei hiyo, na hata siku tatu hazijaisha tyuni imeshaondoka, yaani sauti za nyuzi zimeshuka. Tumeongea naye na yameisha. Lakini lalamiko lenyewe haliishi, kwa hiyo tunaliandika hapa.

Dada, na wengine wote: nyuzi mpya hazishiki tyuni. Si za kwetu peke yake, ni za popote. Uzi wa ukulele ni wa nailoni au wa plastiki ya jamii hiyo, na ukishafungwa unaendelea kunyumbuka siku baada ya siku, sauti ikishuka taratibu. Wiki ya kwanza utakaza asubuhi na jioni utakuta imeshuka. Dukani tunazivuta kwa vidole na kuzikaza upya mara nyingi kabla hatujakukabidhi, ila kazi ya kunyumbuka uzi huimaliza wenyewe. Ndiyo maana kwenye mfuko tunaweka tyuna ya klipu, kifaa kidogo kinachoonyesha noti ya uzi, na hiyo haina bei ya ziada. Ipachike kwenye kichwa cha ukulele kila kabla ya kupiga. Kaza ukipanda kuelekea kwenye noti. Ukipitiliza, teremsha chini ya noti kisha upande tena, maana uzi uliotyuniwa kwa kushuka unabaki na ulegevu kwenye meno ya ufunguo wa kukazia, na baada ya kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mbili tatu umeteleza. Baada ya hapo zikizoea, unaweza kukaa siku kadhaa bila kugusa ufunguo.

Lalamiko la pili linaletwa na wapiga gitaa, na hawa ni wabishi. Nyuzi za ukulele zinatyuniwa kwa noti G, C, E, A kuanzia juu, lakini ile G ya juu si besi kama uzi wa juu wa gitaa. Ni nyembamba, na sauti yake iko juu ya C na E. Mpiga gitaa akiigusa anasema tumefunga nyuzi kinyume. Hatujafunga kinyume; ndivyo ilivyo, na ule mlio wake wa kuchangamka unatoka hapo hapo. Chukua gitaa lako, bana kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya tano, yaani kile chuma cha tano kilicholala shingoni, piga nyuzi nne nyembamba za chini: utapata G, C, E, A, tofauti ni kwamba G ya gitaa iko oktavu moja chini, yaani noti ile ile kwa sauti nzito zaidi. Maumbo ya kodi ni yale yale unayoyajua.

Kaka mmoja wa kwaya hakutaka maelezo. Alikwenda nyumbani akatoa ile G, akafunga uzi wa chuma wa gitaa ili apate besi. Waya wa chuma unavuta kwa nguvu ambayo ukulele haikuundiwa. Daraja, kile kipande cha kifuani kinachoshika nyuzi, likang'oka na kubeba nyuzinyuzi za mbao ya kifua. Hapo bado lingerudi vizuri, lakini akalibandika mwenyewe kwa supaglu, likang'oka tena, akabandika tena. Gundi ya mbao inashika ikiingia kwenye mbao yenyewe; supaglu inaganda juu kama kioo na kuziba vinyweleo vyote, kwa hiyo tulilazimika kuikwangua chembe kwa chembe mpaka mbao ionekane, ndipo tubandike upya na kuibana usiku kucha. Kurudisha daraja lililong'oka safi tunatoza 35,000. Lenye supaglu ni 70,000, na hapo hatupunguzi. Alinuna. Angetuambia tu kwamba anataka besi, tungemfungia seti ya nyuzi yenye G ya chini, ambayo ipo na imetengenezwa kwa ukulele, akaenda zake na furaha yake.

Sasa bei.

Ukulele zetu za 180,000 zinakuja kwenye katoni zikiwa nzuri, lakini hazijawa tayari. Kiwandani wanaacha nyuzi juu makusudi, kwa sababu uzi ulio juu haukwaruzi freti na mteja harudishi boksi. Sisi tunaanza na nati, kile kipande cheupe chenye mifereji minne pale shingo inapokutana na kichwa. Tunabonyeza uzi kwenye freti ya tatu na kutazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa iwe ya kupita karatasi tu. Zikija nyingi zinapitisha kadi ya benki. Kila mfereji unachimbwa kwa tupa yake, kidogo kidogo, kwa sababu ukizidisha uzi unakwaruza freti na nati inatupwa. Kisha tunatoa mfupa wa darajani, kile kipande chembamba ambacho nyuzi zinakalia, na kuusugua kwa msasa upande wa chini mpaka uzi ukae kama milimita mbili na nusu hivi juu ya freti ya kumi na mbili. Tunapitisha kidole pembeni mwa shingo kutafuta ncha za freti zinazokwaruza, na zilizotokeza tunazipiga tupa. Tunachungulia tumboni kwa tochi na kioo cha daktari wa meno kama kuna ubavu, kile kijiti cha kuimarisha kwa ndani, ulioachia. Ikigoma hatuiuzi, inarudi kwa aliyetuletea.

Haya yote hayaonekani kwenye picha ya WhatsApp. Ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18, na utuambie wizi uko wapi.

Ile ya 45,000 je? Nyingine ni midoli yenye umbo la ukulele, na tatizo lake halina fundi. Nati tutachimba, mfupa tutasugua, lakini freti zikiwa zimepandwa mahali pasipo pake, hakuna bei ya maana ya kuzihamisha. Kuna kipimo cha kufanya mwenyewe kabla ya kutoa hela: tyuni uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya kumi na mbili. Inatakiwa itoke noti ile ile, oktavu moja juu. Tyuna ikikuonyesha noti nyingine, rudisha mahali ulipoitoa.

Mama mmoja alimnunulia mwanawe moja ya hizo, na baada ya muda akaja nayo akisema mtoto hana kipaji, kila akifika kwenye kodi ya F anaitupa. Tuliipiga sisi. C safi. F ilikuwa juu mno, kwa sababu nyuzi zilikuwa mbali na freti ya kwanza na ukizibonyeza zinajivuta zenyewe mpaka sauti inapanda. Mtoto alikuwa anasikia vizuri kuliko mama yake na muuzaji wake. Tukampa ya dukani ajaribu. C kwenye ukulele ni kidole kimoja, freti ya tatu ya uzi wa A, A maina ni kidole kimoja, F viwili. Alizipiga zote tatu akiwa amesimama pale pale, akaangalia mkono wake, akazirudia. Akagoma kutoka mpaka aongezewe G. Mama alikaa kwenye benchi letu hadi foleni ya Kariakoo ikapungua, na wakati huo hakuna aliyezungumzia bei.

Furaha hiyo tunaipenda kuliko faida, ingawa faida nayo tunaihitaji. Ala hii ndogo haikuanza kama kitu cha kitajiri. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka Madeira, na kati yao walikuwa maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walianza kutengeneza huko Hawaii vigitaa vidogo vya kwao, wakitumia mbao za huko, na ukulele ikatokea hapo. Mbao inayosifiwa zaidi ni koa, mti unaoota Hawaii peke yake, na ukulele ya koa halisi huipati kwa laki mbili. Ukiona "koa" kwenye ya 45,000, jua ni karatasi iliyochapishwa picha ya mbao.

Na hapa tutajiharibia biashara kidogo. Wapo wanaokuja na hela wakitaka ya mbao nzima kifuani, isiyo ya tabaka zilizogundishwa, ya bei kubwa. Kwa Dar, kama ni ya kwanza na itakuwa inazunguka kwenye bodaboda na daladala, tunakwambia chukua ya plaiwudi. Joto la Pwani na unyevu wake vinavimbisha mbao nzima, ukienda nayo Dodoma kiangazi inasinyaa, na baadaye unatuletea ufa. Plaiwudi nzuri inavumilia. Mlio wake unapungua utamu kidogo, hatukatai, lakini ndiyo ukulele utakayoipiga bila hofu. Isipokuwa ndani ya gari juani. Hapo hakuna inayopona: gundi inalainika, daraja linainuka taratibu, na wewe unakuja kusema tulibandika vibaya.

Wateja wa mkono wa kushoto, tuambieni mkiwa bado dukani. Ukihamisha nyuzi nyumbani mwenyewe, uzi wa C ambao ni mnene unaingia kwenye mfereji wa E, hautoshi, unakaa juu na kupiga kelele. Tukijua mapema tunachimba nati nyingine kwa ajili yako, imo kwenye ile ile 180,000, na unaifuata kesho yake baada ya saa nane. Asubuhi tunakuwa kwenye kazi za tupa, hatupokei simu.