Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Kazi ifundishwe mahali kazi ilipo

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

YAH: MAFUNZO YA KAZI KWA WANAFUNZI WENYE ULEMAVU WA AKILI NA USONJI

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunakuandikia wewe kwa sababu shule za msingi zenye vitengo vya elimu maalumu ziko chini ya ofisi yako. Tunaomba waraka mmoja: mwanafunzi wa kitengo aliyefikisha miaka 15 atoke nje ya geti la shule asubuhi mbili kwa wiki, akajifunze kazi akiwa na mwalimu wake, na asubuhi hizo zihesabike kuwa vipindi.

Kwa sasa stadi za kazi kwenye vitengo vingi ni shanga, mikeka na vitambaa vya kudarizi. Siku ya maonyesho mgeni rasmi ananunua kimoja, mambo yanaishia hapo. Mtaani ni nadra kumpata anayeajiri mtunga shanga. Zaidi ya hilo, vijana hawa hawahamishi ujuzi kirahisi. Aliyezoea kuosha vyombo kwenye beseni la shule anaweza kusimama kimya mbele ya sinki la hoteli. Huo si ukaidi. Kwake hiyo ni kazi mpya kabisa.

Chukua kitalu cha miche. Kujaza kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, huonekana ni kazi moja, lakini ina hatua nane: kufungua mdomo wa kiriba, kukisimamisha, kumimina kopo la kwanza la udongo, kukigongesha chini, kubonyeza pembe za chini, kumimina kopo la pili, kukigongesha tena, na kukipanga wima kwenye tuta. Kwa asiyejua kuhesabu, ndoo sita zipangwe mstarini zikiwa zimeshajazwa: tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Zikiisha zote, mchanganyiko umetimia. Kazi huharibikia kwenye kugongesha. Kiriba kisiposhindiliwa, kikimwagiliwa udongo hushuka, kinapinda katikati na mche unalala.

Kwa wengi tunashauri kuanzia mwisho. Mwalimu afanye hatua saba, kijana amalizie ya nane na kuona kiriba chake kimesimama tutani. Akiiweza, aongezewe ya saba, kisha ya sita, mpaka afike mwanzo. Msaada nao upungue: kwanza mkono juu ya mkono, halafu kidole, halafu neno, mwisho kimya. Hicho kimya ndicho kigumu kwa mwalimu. Ahesabu moyoni hadi tano kabla hajafungua mdomo. Asimsifu kila hatua pia, maana kijana atamtazama usoni baada ya kila kopo, na siku mwalimu asipokuja kazi inasimama. Kwenye daftari aandike kila hatua ilifanyika kwa msaada gani. Kijana akizimaliza zote peke yake siku tatu za mafunzo mfululizo, mwalimu asogee mbali na maelekezo yatoke kwa msimamizi wa kitalu.

Kazi nyingine zichaguliwe kwa uangalifu. Sabuni ya maji inapendwa kwa kuwa mtaji wake ni mdogo, lakini salfoniki inayotumika kuitengeneza ni asidi inayounguza ngozi na macho. Kuchanganya kubaki kwa mtu mwingine. Kijana ajaze chupa na kubandika lebo. Bei iwe ya noti moja, yaani chupa ya 1,000, ya 2,000 au ya 5,000, ili suala la chenji lisiwepo.

Kinachokwamisha hasa ni watu na nauli. Kitengo chenye mwalimu mmoja hakiwezi kutoka, kwa kuwa watoto wadogo wangebaki na nani? Tunaomba msaidizi wa darasa kwa asubuhi hizo, nauli, aproni na buti, na kila mwalimu atoke na vijana wasiozidi watatu. Shule, mzazi na mwenye kitalu wasaini makubaliano ya ukurasa mmoja: saa, kazi zinazoruhusiwa, kikomo cha mafunzo, na namba ya kupiga kijana akipata degedege. Kikomo kisipoandikwa, mafunzo yatageuka kibarua cha bure.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Akisema hapati wenye ujuzi, leo hatuna cha kumjibu. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, lakini mkopo si mafunzo. Kumkopesha asiyefundishwa kazi ni kuibebesha familia yake deni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Tunaomba ofisi yako izungumze nao ili vijana wetu wapimwe kwa vitendo, kwenye tuta, badala ya karatasi.

Waraka ukitoka kabla shule hazijafunguliwa Januari, ratiba zitapangwa bila kuvuruga muhula.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Walimu na wazazi wa vitengo vya elimu maalumu

Nakala: Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote