Barua ya wazi kwa mpwa wangu: rangi ya pikapu isubiri

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniarifu kwamba umeweka akiba ya kuipaka rangi upya ile Hilux uliyoachiwa na babu yako, na kwamba fundi wa Mwanga, hapa Kigoma, ameshakupa bei. Nimefurahi sana kusikia kwamba huna nia ya kuiuza. Hata hivyo, kwa kuwa gari hiyo ndiyo inayokulisha, ikibeba dagaa kutoka mwaloni Kibirizi alfajiri na simenti ya kupeleka vijijini mchana, nakuomba uanzie chini, rangi ije mwisho.

Anza na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na injini. Maji ya barafu na chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye mizigo ya samaki hupenya kwenye matundu ya bodi na kukutana na tope jekundu lililojaa ndani ya chasisi, na tope hilo halikauki msimu wote wa mvua. Ndiyo maana kutu huanzia ndani, na chuma huendelea kulika huku kwa nje kikionekana kizima. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge taratibu kuanzia pale springi za nyuma zinaposhikiliwa: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti butu na magamba ya kutu hukudondokea usoni. Mahali nyundo inapozama, usikubali mtu azibe kwa puti, ule udongo wa kujazia mashimo kabla ya rangi. Pakatwe hadi chuma kizima kionekane, kisha pachomelewe bati nene linalolingana na la awali, na nyaya za betri zifunguliwe kabla ya kuchomelea ili altaneta, inayochaji betri, isiungue.

Baada ya chasisi, breki. Hapa nakusihi usome polepole, kwa sababu jambo hili mafundi wengi hulipita. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali iliyounganishwa na fimbo ya chuma. Mzigo unapoongezeka, bodi hushuka, fimbo husukumwa, na vali hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Babu yako aliongeza majani ya springi ili gari isilale ikibeba simenti. Tangu hapo bodi haishuki inavyotakiwa, vali hudhani gari ni tupu, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa mno ya kazi. Fimbo hiyo irekebishwe upya kufuata kimo kipya, kisha ujaribu breki ukiwa na mzigo. Ukiteremka kuelekea ziwani na gari imejaa, utaona tofauti.

Kuhusu injini, sioni sababu ya kukimbilia kununua nyingine iliyotumika. Iliyomo, aina ya Toyota iitwayo 3L, ya dizeli yenye ujazo wa lita 2.8, ni injini ya kazi ikitunzwa. Kabla ya kuishusha, ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, na moshi wake utazamwe: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi huelekeza kwenye nozo zinazopulizia dizeli au kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi, na mweupe unaoambatana na maji kupungua kwenye rejeta hutia shaka kwenye gasketi ya silinda hedi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha sasa, kwa sababu ukikatika, vali za injini hugongana na pistoni. Themostati iliyong'olewa, ile inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini, irudishwe pia. Najua wengi huiondoa wakidhani wanaipoza injini, lakini injini isiyofikia joto lake la kazi hula mafuta na silinda zake huchakaa mapema. Na endapo mwishowe utalazimika kubadilisha injini, kumbuka kwamba namba yake imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo kadi nayo lazima irekebishwe.

Usiivue yote kwa pamoja. Pikapu ngapi zimelala chini ya miembe ya Ujiji, bodi huku na chasisi kule, kwa sababu mwenyewe aliishiwa fedha katikati ya kazi! Fanya sehemu moja, irudi barabarani itafute fedha ya sehemu inayofuata. Jumapili ambayo huna mzigo, ilete nyumbani tuanze na nyundo. Jeki kubwa na stendi ninazo.

Mjomba wako,
Kigoma