Barua kwa mwanangu: Bibi yako tumpeleke Alaska mwezi wa Mei

Kent, Washington
Januari 2026

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Maswali yako kuhusu safari ya meli ya Alaska nimeyapata, na aliyoyaongeza dada yako nimeyasikia pia. Yeye anataka tungoje Agosti. Wewe umevutiwa na bei za Mei, lakini unaogopa kumtoa bibi yako Mombasa ukampeleke moja kwa moja kwenye barafu. Mimi nasema twende Mei, katikati ya mwezi, na tupandie Vancouver, upande wa Kanada, badala ya Seattle. Agosti bibi atakuwa amesharudi nyumbani kwa harusi ya binamu yako, kwa hiyo kungoja Agosti maana yake ni kwenda bila yeye, na safari hii tunaifanya kwa ajili yake.

Kwanza viza, maana bila hiyo tutakuwa tunapiga soga tu. Mimi na wewe tuna pasipoti za Marekani, bibi ana ya Kenya. Wengi hudhani kwamba Seattle ni Marekani na Alaska ni Marekani, basi viza ya Marekani inatosha. Haitoshi. Iko sheria ya Marekani ya tangu 1886 inayozikataza meli zenye bendera za kigeni kusafirisha abiria baina ya bandari za Marekani peke yake, na hizi meli kubwa za watalii karibu zote zimesajiliwa nje. Ndiyo sababu hata zinazoondoka Seattle aghalabu hupitia Victoria, nako ni Kanada, angalau kwa saa chache za jioni. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya saa hizo chache zinahitaji viza ya Kanada. Asiyekuwa nayo huachwa gatini na mizigo yake, hata kama nauli ameshalipa yote.

Kwa hiyo maombi tuyapeleke sasa, bibi akiwa bado Mombasa. Fomu nitamjazia mimi mtandaoni, lakini alama za vidole atalazimika kwenda kuzitoa Nairobi mwenyewe. Mjomba wako amekubali kumsindikiza. Na ile viza yake ya Marekani uitazame vizuri, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu akitoka Kanada ataingia Marekani upya. Usilipe hata amana ya meli kabla viza ya Kanada haijabandikwa kwenye pasipoti. Wakimnyima, ipo feri ya serikali ya jimbo la Alaska inayotoka Bellingham, kaskazini ya hapa kwetu, na kwenda Ketchikan, mji wa Alaska, bila kutia nanga Kanada. Ni chombo cha wenyeji: wengine hulala vitini na vijana hupiga mahema sitahani. Wewe ungeifurahia. Kwa magoti ya bibi ningesita.

Sasa juu ya mwezi wenyewe. Nilipomtajia bibi Mei kwenye simu, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Mwezi wa masika huo, bahari imechafuka." Kwao ni kweli kabisa. Mombasa hakuna mwezi wenye mvua kuliko Mei, na kusi ikishaanza kuvuma wavuvi wengi huvuta ngalawa zao pwani. Lakini kusini mashariki ya Alaska mambo ni kinyume. Mji kama Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Mombasa, na kilele chake ni Oktoba. Mei na Juni ndiyo miezi yenye nafuu. Agosti anayoipenda dada yako, mvua huwa imeshaanza kurudi, tena kwa wingi. Joto ataongeza nyuzi chache tu, na atazilipia kwa mawingu yanayofunika milima siku nzima. Nilikwenda Mei na wenzangu wa kazini, na vilele vyeupe tuliviona kuanzia juu mpaka majini, theluji ikiwa bado imeteremka nusu ya mlima. Kufikia Agosti sehemu kubwa ya theluji hiyo huwa imeyeyuka.

Baridi ipo, siwezi kukudanganya. Juneau, mji mkuu wa Alaska, katikati ya Mei mchana hufika nyuzi 13 au 14, usiku ikashuka hadi 4 au 5. Bibi amewahi kuamkia asubuhi za Nairobi mwezi wa Julai, kwa hiyo mchana wa huko hautamshtua sana. Kinachouma ni upepo. Meli ikisimama mbele ya barafu, upepo unaoshuka kutoka juu yake hupenya kila kitu. Usimnunulie koti moja nene kama lile ulilomletea baba yako. Mtu mzima hachukuani na uzito. Mnunulie fulana ndefu za ndani za sufu, mikono na miguu, azivae chini ya dera. Juu yake sweta, kisha koti jepesi lisilopitisha maji. Soksi za sufu, glavu, na kofia ya kuvaa juu ya mtandio. Kanga zake atakuja nazo, na za kujifunika miguu akiwa amekaa zitafaa.

Kuna mambo ambayo Mei haitakupa, na ni heri uyajue kabla hujalipa. Zile picha za dubu amesimama kwenye maporomoko akidaka samaki ni za Julai na Agosti, samoni wanapopanda mito kwa wingi. Mei dubu ndio kwanza wametoka kwenye mapango walikolala kipindi chote cha baridi, na ukibahatika utawaona kwa mbali, kwenye fukwe, wakila majani mabichi. Njia za kupanda milimani bado zina theluji na tope. Taa za kaskazini zisahau, kwa sababu usiku hauwi na giza la kutosha. Ukiyataka hayo, nenda mwaka mwingine na marafiki zako. Nyangumi wapo. Wale wenye nundu hukaa Hawaii kipindi cha baridi, huko ndiko wanakozaa, na kufikia Mei wengi wameshafika Alaska wakiwa na njaa. Na tai wenye vichwa vyeupe utawachoka kwa wingi wao.

Suala la njia ndilo linalonigusa zaidi, na hapo naomba unisikilize. Meli nyingi zinazotoka Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki wazi, na Mei mawimbi yake bado ni makubwa. Inayotoka mji wa Vancouver, ulio barani, hupita ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia na milima iko pande zote mbili. Zipo sehemu chache tu ambapo bahari hufunguka kwa muda wa saa kadhaa. Njia hiyo ina mlango mwembamba unaoitwa Seymour Narrows, ambako mkondo unaweza kukimbia kwa kasi ya noti 15, yaani karibu kilomita 28 kwa saa, na manahodha hungoja maji yasimame ndipo wapite. Katikati yake palikuwa na mwamba uliozamisha meli na mashua nyingi, mpaka wachimbaji walipotoboa njia chini ya bahari, wakaujaza baruti na kuulipua Aprili 1958. Bibi yako ni mtoto wa nahodha. Babake alikuwa akipakia boriti Lamu, akaenda Ghuba kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Mwambie habari ya mwamba ule uone atakavyokuuliza maswali. Nataka apite hapo akiwa macho, amekaa dirishani.

Kwa barafu, hakikisha meli tunayoichagua inaingia ghuba ya Glacier Bay. Usikubali nyingine badala yake. Zipo meli zinazoahidi njia nyembamba za bahari kama Endicott Arm, au mto mkubwa wa barafu wa Hubbard, na ni mahali pazuri, lakini mwanzoni mwa msimu vipande vya barafu vinavyoelea vinaweza kuziba njia, na nahodha mwenye akili atageuka mkiwa bado mbali. Glacier Bay ni pana, uwezekano wa kufika karibu ni mkubwa zaidi. Ni hifadhi ya taifa, na huruhusiwa meli kubwa mbili tu kwa siku, kila moja na kibali chake. Walinzi wa hifadhi hupanda melini asubuhi na kueleza abiria kinachoonekana. Barafu ikikatika na kuanguka majini, unaiona kwanza, kisha sauti inakufikia baadaye kama radi ya masika.

Lipo jambo jingine la Glacier Bay ambalo nataka bibi alijue. Mwaka 1794 mabaharia wa Kapteni Vancouver, nahodha Mwingereza, walipopita, ghuba hiyo karibu yote ilikuwa barafu tupu hadi mdomoni. Leo barafu imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Na kabla ya hapo palikuwa na watu. Watlingit wa Hoonah, wenyeji wa asili wa Alaska, walikaa humo kwa vizazi, mpaka barafu iliposonga mbele katika karne ya 18 ikawatoa kwenye vijiji vyao, wakavuka maji na kuanza upya Hoonah. Barafu ilipoondoka, kurejea kwao kulikuwa na vikwazo vingi kwa sababu pamefanywa hifadhi. Mwaka 2016 ndipo ilipofunguliwa nyumba yao ya ukoo palepale ndani ya ghuba. Bibi amezaliwa Pate, amekua akicheza kwenye magofu ya miji iliyohamwa na wenyewe. Naamini atawaelewa watu hawa haraka kuliko abiria wengi watakaokuwa melini.

Mkifika bandari ya Skagway msichukue matembezi mengine yoyote, chukueni treni. Haihitaji kutembea. Unapandia karibu na gati, unakaa, inakupandisha mpaka mita 873 juu ya usawa wa bahari, na Mei huko juu bado kuna theluji kandokando ya reli. Ilijengwa kati ya 1898 na 1900 wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Klondike, miaka ileile reli ya kwetu ilipokuwa ikitambaa kutoka Mombasa kwenda ziwani. Upana wake ni mdogo hata kuliko ile reli yetu ya zamani ya mita moja, ambayo bibi aliipanda mara nyingi kwenda Nairobi. Yeye anapenda treni kuliko ndege. Hilo unalijua.

Sala ataniuliza mimi, lakini na wewe ujue. Katikati ya Mei kule jua huzama baada ya saa tatu za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja za alfajiri. Isha inasogea hadi karibu na usiku wa manane. Kama msafiri ana ruhusa ya kukusanya, ila atataka kusikia hivyo kwa ustadhi wake wa mtaani, si kwangu, kwa hiyo amuulize kabla hajaondoka. Nyama ya halali baadhi ya meli huandaa ukiomba mapema. Zisipoandaa, samaki wa huko ni wazuri mno na mboga hazikosekani.

Afya. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, na nimeona familia zikiingia madeni kwa sababu ya siku mbili za hospitali. Bibi hana bima hapa. Bima ya safari lazima ikatwe, na isomwe kwa makini: ihusishe maradhi aliyo nayo tayari, yaani shinikizo la damu, na ihusishe kutolewa melini kwa helikopta. Juneau ina hospitali, lakini hakuna barabara inayotoka pale kwenda mji mwingine. Ni ndege au chombo cha majini. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Chumba tuchukue cha katikati ya meli, sitaha ya chini kadiri itakavyowezekana, kwa sababu huko mtikisiko ni mdogo. Kiwe na roshani. Kwa bei za Julai nisingethubutu kukuambia hivyo, ila za Mei zinaruhusu, na bibi ataweza kutoka nje dakika kumi, akaona, akarudi ndani kwenye joto bila kupanda ngazi na kusukumana na watu.

Katika hesabu yako hukuweka bakshishi ya kila siku ambayo meli hukata yenyewe, wala intaneti, wala nauli ya treni ya Skagway. Hizo nitalipa mimi. Usibishane nami katika hili.

Tarehe: Idd ya kuchinja inatarajiwa karibu na 27 Mei, na bibi hatakubali kuwa baharini siku hiyo, hata mimi sitaki. Basi tafuta meli inayoondoka Vancouver kati ya tarehe 9 na 17, siku saba, tuwe tumesharudi hapa Kent na tumepumzika kabla ya Idd. Wiki ya kwanza ya Mei bei yake ni rahisi zaidi, nimeona, lakini baadhi ya maduka na matembezi ya bandarini huwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, na kila wiki inayopita inaongeza joto kidogo. Nafuu hiyo haifai kufukuziwa.

Mpigie bibi yako Jumapili, baada ya adhuhuri ya kwao. Mwambie wewe mwenyewe kwamba ni zawadi yako, na usimtajie bei hata akikubana. Kisha umwombe ampe mjomba pasipoti yake aipige picha kurasa zote, anitumie mimi.

Mama yako