Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: "Ni uzee tu" si jibu

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu ana miaka 81. Karibu mwaka mzima sasa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali pumzi inamkata. Jioni nikimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, kishimo kinabaki palepale. Hospitali ya kwanza ilituambia ni uzee tu, tukarudi na vidonge vya kupunguza maji mwilini.

Haukuwa uzee. Daktari mwingine alimsikiliza kifua, akasikia mvumo, yaani sauti isiyo ya kawaida ya damu moyoni, akaagiza eko ya moyo, kipimo kinachoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Vali ya mitrali, mlango ulio kati ya chemba mbili za kushoto za moyo, haifungi sawasawa: kila moyo unapopiga, sehemu ya damu inarudi nyuma kuelekea mapafuni.

Kumpasua kifua ni hatari mno kwake, na hilo tunalikubali. Ila ipo njia nyingine. Katheta, mrija mwembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, ikavuka ukuta unaotenganisha chemba mbili za juu, kisha kibanio kidogo kikashikanisha ndimi za vali pale zinapoachana. Kifua hakipasuliwi, moyo hausimamishwi. Ulaya iliruhusu kifaa hicho mwaka 2008, Marekani mwaka 2013.

Sidai kila mzee awekewe kibanio. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kuhusu wagonjwa ambao vali zao zilivuja kwa sababu moyo wenyewe ulikuwa umedhoofika. Katika ule wa wagonjwa 614, baada ya miaka miwili walikuwa wamefariki asilimia 29 ya waliowekewa kibanio, na asilimia 46 ya waliotumia dawa pekee. Utafiti wa pili, wa Ufaransa, haukuona nafuu hiyo. Ndiyo maana kumchagua mgonjwa ni kazi ya timu, na timu haiwezi kumchagua mtu ambaye hakuwahi kupimwa.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni mwongozo wa wizara usemao waziwazi kwamba mzee anayekosa pumzi na mwenye mvumo moyoni apimwe eko, na vali ikionekana inavuja sana, faili lake lijadiliwe na daktari wa moyo, mpasuaji na mtaalamu wa dawa za usingizi wakiwa pamoja. Umri peke yake usiwe sababu ya bima kukataa.

Faili la mama lina miezi mitano na halijafika mbele ya timu ya namna hiyo. Naomba lifike.

Wako mtiifu,
Mwana wa mgonjwa