Mheshimiwa Waziri wa Nishati, tuandikieni salfa kwenye pampu za dizeli

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni fundi wa dizeli hapa Mbeya, kazi yangu pampu na injekta, wateja wangu wengi ni madereva wa malori ya Tunduma kwenda Zambia na Kongo na siku hizi wameongezeka wenye gari ndogo za dizeli zinazoletwa kutoka Japani. Nakuandikia hadharani ili na wenzangu wasome, maana jambo hili tunalijadili sana gereji lakini kwa wenye maamuzi sijawahi kulisikia likisemwa.

Ninachoomba ni kila pampu ya dizeli nchini iandikwe kiwango cha salfa, yaani ppm ngapi (sehemu ngapi za salfa katika sehemu milioni za mafuta), na namba hiyo itokee kwenye risiti. Bei tunaijua, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanaitangaza, mafuta yaliyopitia Dar, Tanga na Mtwara, hata kwa simu ukibonyeza *152*00# unaipata. Ila hiyo lita yenyewe ina nini ndani hatuambiwi, na mwenye gari anakuja kujua wakati injini imeshaumia.

Najua utajibiwa na wataalamu wako kwamba kiwango kipo, na ni kweli kipo. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki tulikubaliana dizeli isizidi ppm 50, kutoka 500 ya zamani, na hilo nalisifu kwa moyo wote kwa sababu Ghana mpaka 2017 walikuwa bado wanaruhusu ppm 3000. Kwahiyo sisi tulitangulia. Tatizo langu ni kwamba kiwango kimekaa kwenye kitabu, mimi niliyesimama sheli na bomba limeshaingia kwenye tenki sina pa kukiona.

Sasa ngoja nieleze kwa nini fundi anahangaika na hiyo namba. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840, kwahiyo kwenye ppm 50 ina salfa miligramu 42 hivi, kwenye ppm 500 ni miligramu 420. Unaweza ukaona ni kidogo, lakini lori lenye tenki la lita 400 likijaza hiyo ya ppm 500 limebeba gramu 168 za salfa kwa safari moja. Salfa ikiungua inatoa gesi, nyingi inatoka kwenye ekzosi ila nyingine inakutana na mvuke wa maji ndani ya silinda inageuka asidi, na asidi hiyo inakula laina (ukuta wa silinda) na ringi za pistoni na inachafua oili. Oili ya injini imewekewa dawa ya kupambana na asidi, ikiisha hiyo dawa oili imekufa hata kama kwenye stiki ya kupimia inaonekana imejaa. Ndo maana zamani tulikuwa tunawaambia madereva wamwage oili mapema. Na hapa kwetu Mbeya mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali, injini inawashwa asubuhi inaenda sokoni inazimwa haijapata moto, hapo asidi inatengenezeka vizuri zaidi.

Kuna maneno yanasemwa sana na madereva wa zamani kwamba dizeli ya salfa nyingi ndo ilikuwa na nguvu na hii ya sasa ni nyepesi inamaliza pampu. Nataka niliweke sawa kwa sababu linawafanya watu wapende mafuta mabaya. Salfa yenyewe haitoi nguvu. Kilichopo ni kwamba kiwandani wakiondoa salfa wanatumia haidrojeni na joto kubwa, mafuta yanapungua uzito kidogo na nishati ya kila lita inashuka kama asilimia moja, ambayo dereva hawezi kuigundua barabarani, mlima mmoja wa Kitonga unakula zaidi ya hiyo. Na ule ulainishi wa pampu haukuwa unatoka kwenye salfa, ulikuwa unatoka kwenye viungo vingine vinavyoondoka pamoja nayo, kwahiyo wanaongeza dawa ya ulainishi kabla mafuta hayajauzwa, halafu yanapimwa kwa mashine inayosugua kijichuma, kwa kiwango cha Ulaya alama ya msuguano isizidi maikroni 460. Dizeli safi iliyowekewa dawa haiui pampu, tatizo ni pale ilipokosa dawa au iliyochanganywa.

Shida kubwa ya ulaji wa mafuta iko kwenye hizi gari za kisasa. Chukua Mazda CX-5 ya dizeli, zimejaa mjini siku hizi. Ile gari ina DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi, likijaa kompyuta inaongeza mafuta kwenye silinda ili joto lipande mpaka kama nyuzi 600 masizi yaungue. Mafuta hayo hayasukumi gari hata mita moja. Salfa ikiwa nyingi inaongeza masizi na chumvi zake, inadhoofisha madini ya kwenye katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, kwahiyo chujio linajaa haraka na gari inajisafisha mara kwa mara, mwenye gari analalamika zamani lita moja ilimpa kilomita nyingi sasa hivi hazifiki. Alafu sehemu ya mafuta hayo inashuka kwenye oili, ndo unakuta oili imepanda kwenye stiki hadi alama ya X, ya kuonya kwamba imezidi, na mtu anashangaa oili inaongezekaje. Kibaya zaidi gari hizo zinatakiwa oili maalum yenye majivu kidogo, na oili ya aina hiyo dawa yake ya asidi ni ndogo kwa sababu imetengenezewa nchi ambayo dizeli yake ni ppm 10. Ukiipa mafuta ya salfa inaisha mapema sana. Mwisho wake mteja anaomba DPF itobolewe au itolewe kabisa, kompyuta idanganywe, na moshi unarudi kwenye mapua ya watoto wetu. Inaniuma sana kuona kifaa kizuri hivyo kinatupwa kwenye vyuma chakavu.

Na hapo bado sijafika kwenye uchakachuaji. Serikali ilishalipigania hili, mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili yasiwe na faida kuchanganywa, na kuna vinasaba, ile alama ya siri inayowekwa kwenye mafuta. Lakini vinasaba vinasema mafuta yamelipiwa kodi na hayajaongezwa kitu, havikuambii salfa ni ngapi. Piga hesabu, mafuta ya ndege ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa yanaruhusiwa kimataifa kuwa na salfa hadi ppm 3000. Mtu akichukua mafuta ya taa ya kiwango hicho lita 10 akayachanganya na lita 90 za dizeli safi ya ppm 50, mchanganyiko unafika kama ppm 340. Kwa macho huoni kitu, kwa harufu labda, na gari itawaka kama kawaida. Mchanganyiko huo pia una ulainishi mdogo na nishati ndogo kwa lita, kwahiyo mwananchi anaibiwa kwenye kilomita na kwenye injekta kwa wakati mmoja, na injekta za komonireli, ule mfumo wa kisasa wa presha kubwa, bei yake unaijua mheshimiwa, kuna watu wameuza gari kwa sababu yake.

Kuandika namba kwenye pampu sio jambo la ajabu. Afrika Kusini kwa miaka mingi wanatangaza bei mbili za dizeli, ya salfa asilimia 0.05 na ya asilimia 0.005, yaani ppm 500 na ppm 50, na mnunuzi anachagua akijua. Vifaa vya kupima vipo pia, mashine za kubebeka zinazotumia eksirei zinatoa jibu la salfa ndani ya dakika chache, TBS, shirika la viwango, wakienda nazo sheli za Mbeya, Songwe, Katavi, Kigoma, za pembezoni huko ambako gari la ukaguzi halipiti mara nyingi, majibu yakawekwa wazi kwa jina la kituo na tarehe, sisi mafundi tutawaelekeza wateja wetu wenyewe bila kuhitaji askari.

Pamoja na hilo naomba wizara ikae na wenzake wa Jumuiya ipange mwaka wa kuhamia ppm 10. Ulaya wapo hapo tangu 2009, Marekani ppm 15 tangu 2006, na Japani zinakotoka gari tunazozinunua sisi zikiwa zimetumika nao ni ppm 10. Gari inashuka bandarini ikiwa imezoea ppm 10 halafu siku ya kwanza tu inapewa mara tano ya hapo, hata pale ambapo hakuna aliyevunja sheria.

Kwa kuanzia stika tu inatosha, pembeni ya bei, imeandikwa salfa na tarehe ya kipimo cha mwisho. Ukipita Mbeya kwa ziara karibu gereji, kuna DPF na injekta nimezihifadhi nikuonyeshe.

Wako,
Fundi wa dizeli, Mbeya