Ziwa Lina Kalenda Yake

Kayole, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa mke wako na kwa wajukuu wangu. Sisi hatujambo. Baba yako magoti yanamsumbua na baridi hii ya Julai, lakini Jumapili hakosi kiti chake cha mbele.

Barua yenu ya maombi ilisomwa kanisani. Ilipokwisha, mzee mmoja wa kamati ya misheni akasimama akauliza: tangu waende Mfangano wameokoka wangapi? Mbona hatujaona picha ya kanisa? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza kwa heshima, maana mkutano haukuwa wangu. Lakini kalamu ni yangu, na ninakuambia hivi: kazi ya kupanda kanisa huko kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria, usiifanye kwa kalenda ya kamati ya Nairobi. Fuata ya ziwa.

Wewe mwenyewe umeniambia wavuvi wa omena, wale dagaa wadogo, huingia majini usiku wa giza, na taa zao, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika kwa sababu samaki hawaifuati taa. Sasa niambie, ibada ya Jumapili saa nne asubuhi ni ya nani? Mwanamume ametoka ziwani alfajiri, macho mekundu, anataka kulala. Mama yuko ufuoni anaanika omena na kutazama mawingu, kwa sababu mvua moja ikinyesha mtaji umeoza. Watakaokuja ni watoto na walimu wa shule. Halafu utaandika kwamba watu wa kisiwani wana mioyo migumu! Hapana, baba. Hesabu mwezi. Siku za mbalamwezi wanaume wapo nyumbani, wanashona nyavu, wana nafasi ya kuongea. Hizo ndizo Jumapili zako, hata kama ni Jumatano.

Na usishangae ukiwa na watu wengi mwezi huu, mwezi ujao wamehama. Mvuvi hufuata samaki kutoka ufuo hadi ufuo, leo Mfangano, kesho Remba au Ringiti. Kamati itasema umepoteza washirika. Mimi naona ukimfundisha vizuri mmoja wa hao wanaohama, amefika kwa nauli yake mwenyewe mahali ambapo wewe hujafika.

Jambo lingine, na hili usilichukie. Hukwenda mahali ambapo jina la Yesu ni geni. Wasabato walianza Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Watu humtaja Arthur Carscallen, lakini alikuwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na huyo husahaulika wakati wa kusimulia. Kuna Wakatoliki, kuna Waanglikana, kuna watu wa makanisa ya Roho, kuna Legio Maria waliotoka kwa Wakatoliki miaka ya 1960 huko huko Nyanza. Kabla hujasimamisha nguzo hata moja, nenda ukawaamkie wazee wa makanisa hayo, ukae, unywe chai yao. Ukikuta kijiji kina kanisa dogo lililokosa mwalimu, fundisha hapo, hata jina letu lisiandikwe mlangoni. Kamati ikikasirika, waambie mama yako ndiye aliyekutuma.

Kijaluo najua umeanza, na Kiswahili kitakusaidia na vijana. Lakini wenyeji wa Mfangano ni Abasuba, na wazee wao husimulia kwamba walivuka wakitoka upande wa Uganda. Watoto wao wengi sasa wanaongea Kijaluo tu. Agano Jipya la Kisuba lipo. Litafute, umwombe mzee akusomee, naye akurekebishe matamshi. Mhubiri anayesahihishwa na mzee wa kijiji hupewa kiti haraka kuliko yule aliyeshuka na kipaza sauti.

Sasa nizungumze kama mwanamke. Hiyo jaboya, ya mwanamke kulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo apate samaki wa kuuza, usiihubiri madhabahuni kabla hujaelewa hesabu yake. Mwanamke huyo hana mashua, hana wavu, ana watoto wanaotaka kula jioni, na Homa Bay yote inajua UKIMWI umeua wangapi. Ukimkemea Jumapili, Jumatatu atarudi ufuoni kwa sababu ile ile. Upande wa Kisumu, ufuo wa Nduru, akina mama walipata mashua zao wenyewe, wanaume wakawa ndio wanaoajiriwa kuvua. Haikuwa rahisi, ziwa lilipofurika mwaka 2020 liliwarudisha nyuma sana. Ila walioanza pale walielewa kwamba shida ni mashua. Mwache mke wako akae na hao kina mama. Wewe usiwepo.

Na kuhusu mke wako. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Sisi tulifundishwa hadithi hiyo kama ya ushujaa wa Krapf. Nikiwa msichana niliisikia hivyo. Siku hizi namfikiria Rosine, na homa, na mtoto. Isitoshe, Krapf alikaa miaka na waliobatizwa wakabaki wachache kabisa; kamati yetu ingemkatia pesa mapema. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba mjukuu wangu ana homa mnangoja maombi ya Ijumaa. Apimwe malaria siku hiyo hiyo. Wasiogelee ufuoni, kichocho kipo kwenye maji hayo. Na mkienda Mbita vukeni asubuhi, msingoje alasiri ziwa lichafuke, hata nahodha akicheka.

Kama mke wako amechoka na anataka kuja Nairobi mwezi mzima, mlete. Chumba kipo. Usimwambie kuhusu wito. Wito wake anaujua kuliko wewe.

Barua ya kuijibu kamati nitawasomea mimi mwenyewe, nimeshaomba dakika tano. Wewe niandikie jina la yule mzee anayekufundisha Kisuba tumwombee, hiyo inatosha kwa ripoti ya mwezi huu.

Nimetuma pesa kidogo kwa M-Pesa. Ni za jaketi za kuokolea majini, za watoto kwanza, halafu zenu. Najua ulivyo: ukiona zimebaki, usinunue spika.

Mama yako