Kabla hujajaza maji tena kwenye boila

Wete, Pemba
Januari

Kwako sahibu yangu, Baba Zuwena,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama goti bado linamsumbua lakini sokoni anakwenda mwenyewe, hataki kutumiwa mtu. Kaskazi imekaza, joto halisemeki, na wewe unanitumia picha mmevaa makoti ndani ya nyumba! Picha ya geji, kile kipimo cha presha ya maji kwenye boila yenu (mtambo wa kupasha maji na kutia joto nyumba), nimeiona, na sauti yako, kwamba imezima na kila ukijaza maji presha inashuka tena, nimeisikiliza yote. Nimeona bora nikuandikie, maana maneno ya sauti hupotea, na haya nataka uyabandike nyuma ya mlango wa hilo kabati la boila.

Mshale wako umelala karibu na sifuri. Boila nyingi za huko Uingereza presha ikishuka chini ya bar 0.5 (bar ndiyo kipimo cha presha) hujizima zenyewe, na zimetengenezwa hivyo makusudi, zisiwake na maji hayatoshi. Kwa hiyo haijafa. Huyo jirani anayekwambia utanunua mpya mwache na maneno yake. Wewe umepanga, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 inayohusu wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya joto na maji moto kwa mikataba mifupi kama wako. Mwandikie, usimpigie simu tu, upate ushahidi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapochanganyikiwa. Maji ya kwenye redieta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto, siyo unayooga. Yamefungiwa humo, yanazunguka yale yale kutoka boila kwenda redieta na kurudi. Huku kwetu presha ni urefu wa tangi tu: mita 10 za maji ni kama bar 1, ndiyo maana lile tangi letu la Limbani, lililo juu ya bafu kwa mita tano au sita, halifiki hata bar moja na maji yanatoka kwa uvivu. Boila yako haina tangi juu ya paa. Presha unaitia wewe, ukishaitia ifungwe, na inatakiwa ikae miezi. Ikishuka kila baada ya siku mbili, jua kuna mahali maji yanatoka.

Geji isome asubuhi, kabla hujawasha, redieta zikiwa baridi. Hapo iwe kati ya bar 1 na 1.5. Ukishawasha, maji yanatanuka na mshale unapanda, pengine hadi 2 hivi, na hilo si ugonjwa. Ikifika 3, valvu ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje. Anayesoma wakati redieta zinawaka moto, akaona 1.5, akalala akijua mambo sawa, asubuhi atashangaa.

Kujaza kwenyewe si kazi. Zima boila, iache ipoe. Chini yake tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, rangi ya fedha, una koki huku na huku. (Boila nyingine hazina mpira huo, zina kifunguo au kiwashio cha plastiki, angalia kitabu chake.) Fungua koki ya kwanza yote, ya pili kidogo kidogo. Utasikia maji yanachacharika na mshale unaanza kupanda. Ukifika 1.2 anza kufunga, usingoje 1.5, kwani mshale hukimbia. Funga koki zote mbili mpaka zikaze, kisha uufungue mpira uuweke pembeni na uzibe ncha kwa vifuniko vyake. Kanuni za maji za huko hazitaki ukae umeunganishwa, yasije maji ya redieta yakarudi kwenye maji ya kunywa. Wengi huuacha pale pale. Koki zikivuja kwa ndani, presha inapanda usiku kucha mpaka valvu inamwaga, na mwenye nyumba anatafuta mchawi.

Lakini yakhe, kujaza siko ninakotaka kukufundisha. Umesema umejaza mara kadhaa toka wiki iliyopita. Acha. Kila ukijaza unaingiza maji mapya yenye oksijeni, na hiyo inakula chuma cha redieta kwa ndani. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo inazidi kuwa nyepesi. Miaka ile nilipokaa London nikimbebea fundi mikoba, tulifungua redieta ikamwaga tope jeusi kama wino wa pweza, na pampu ya nyumba ile ilikuwa imekwama kabisa. Mwenyewe alikuwa na fahari kwamba anaijaza kila Jumapili!

Basi tafuta maji yanapopita. Anza ndani: chukua karatasi laini, upanguse chini ya koki ya kila redieta, pande zote mbili. Penye doa la kijani au jeupe kwenye shaba, hapo paliwahi kuvuja hata kama sasa pakavu. Shemegi atazame zulia lililo karibu na ukuta kama lina unyevu. Kisha toka nje, utafute bomba jembamba la shaba linalotokeza ukutani nyuma ya boila na kuelekea chini, ndilo la kumwagia maji ya valvu ya usalama. Lifunge mfuko wa plastiki mdomoni kwa uzi, uache usiku mmoja. Mfuko ukipata maji, umeshajua. Ila kama ulitoa hewa kwenye redieta juzi, presha kushuka mara moja ni kawaida. Jaza mara moja, yaishe.

Mimi nadhani ni bomba la nje, nikuambie kwa nini. Umesema ukijaza asubuhi, jioni joto likiwaka mshale uko karibu na 3, halafu alfajiri uko chini kabisa. Ndani ya mfumo kuna chombo cha chuma, mara nyingi chekundu, kimegawanywa kati kwa mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Maji yakitanuka yanausukuma mpira na hewa inabanwa. Hewa ikishapotea, hakuna pa kutanukia, presha inaruka, valvu inamwaga, na vikipoa hakuna kilichobaki. Fundi ana njia rahisi ya kukipima. Kina pua ya kutilia upepo kama ya baiskeli. Akiibonyeza yakatoka maji, mpira umepasuka na kinabadilishwa. Ikiwa ni hewa tu imepungua, anakitia upepo na kazi imekwisha. Wewe usifungue jalada la boila. Mwenye nyumba alete fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa huko, iliyoshika nafasi ya ile ya zamani ya CORGI tangu mwaka 2009, naye akuoneshe kadi yake. Nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa.

Na valvu ikidondosha maji, mtu yeyote asikuambie uizibe. Mwaka jana nimeitwa Nungwi, kwenye hoteli moja, hita ya umeme ya bafuni. Wamechoka na matone, wakaziba bomba la valvu kwa plagi na gundi ya mabomba juu yake. Hita iko juu ya kichwa cha mgeni anayeoga! Nimezima umeme kwanza, maneno baadaye.

Hebu nipigie picha ya geji alfajiri na nyingine jioni, siku tatu hivi, bila kujaza tena isipokuwa imejizima na watoto wana baridi. Na uniambie hicho kidude cha kugundua hewa ya sumu ya boila, umeshakijaribu kitufe chake tangu muhamie?

Msalimie shemegi na Zuwena. Ukipata mtu anakuja huku, nitilie kwenye begi lake geji moja ya presha, ya hadi bar 10. Ninazonunua Chake hazimalizi masika.

Wako,
Fundi